Mirija Minne ya Epifania

Mdogo wangu Bazilio aliujua Utatu Mtakatifu kuliko mtu yeyote kutoka Murungu hadi Kibondo mjini, na kama huniamini mimi, yeye mwenyewe angekuambia. Alikuwa katekista wa kigango chetu. Kila mwaka sikukuu ya Utatu ilipokaribia, aliyatoa mafiga jikoni kwa mkewe, akayapanga mbele ya altare, akatutazama kama mtu aliyeyaumba. "Mnaona? Mafiga matatu, chungu kimoja." Kisha aliyarudisha, na siku hiyo mkewe alichelewa kupika. Hiyo ndiyo elimu ya Mungu tuliyokuwa nayo. Niliwahi kumuuliza kama yeye huketi akaongea na mafiga yake. Akanijibu kwamba wanawake huharibu mafundisho kwa maswali ya jikoni.

Mimi ni Rosa, dada yake wa tumbo moja, niliyembeba mgongoni akiwa na makamasi, kwa hiyo nina haki ya kumsema. Bazilio alisali kama karani anavyosimama mbele ya Mkuu wa Wilaya: miguu pamoja, kofia mkononi, taarifa, shukrani, kwaheri. Sikuwahi kumwona akifurahi na Mungu hata mara moja. Pombe, hiyo aliifurahia. Wanaume wa kwetu hutembea kila mmoja na mrija wake wa kunywea, na wa Bazilio ulikaa ndani ya koti, ubavuni mwa rozari, ukiwa tayari kwa chungu chochote kitakachojitokeza njiani.

Lakini si yeye ninayetaka kumweleza. Yeye ni wa kupita tu, ingawa angekasirika kusikia hivyo. Ninayemtaka ni Epifania.

Epifania alitoka Burundi mwaka wa sabini na mbili. Alivuka mpaka upande wa Munanila akiwa na kitenge kimoja na jembe lisilo na mpini. Kasulu alilima vibarua kwa watu waliomlipa maharage, siku walizokumbuka. Baadaye akasogea Kibondo, na Operesheni Vijiji ilipotung'oa sote kwenye vilima vyetu na kutupanga kwa mistari kando ya barabara, naye akapewa kiwanja mwishoni mwa mstari wetu, uzio mmoja na Bazilio. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tulisema mgeni njoo, ila kaa huko huko.

Tulikuwa tunamwogopa, ndiyo maana. Mwanamke aliyefika peke yake kutoka vitani, hana mume wala mtoto, anacheka cheka: lazima ana kitu. Wengine wakasema ana sumu. Huku kwetu Buha, mwenye pombe huonja kwanza mbele ya wageni ili wajue kwamba ni salama, kisha kila mmoja hutia mrija wake katika chungu kile kile na watu wanakunywa vichwa vikikaribia kugusana. Epifania alipika impeke, pombe ya mtama, akaita majirani, akaonja. Aliposogeza chungu, watu wote wakakumbuka ghafla kwamba wana mbuzi wa kufunga. Akaita tena baada ya mavuno, na tena mbuzi wakahitaji kufungwa. Hakuna mbuzi waliofungwa vizuri kama wa kijiji chetu miaka ile.

Sasa, kumwacha mtu anywe peke yake, kwa Muha na kwa Mrundi, ni kumwambia kwamba amekwisha kufa ila hajazikwa. Anywaye peke yake ni mchoyo au mchawi. Hao watu wa kanisa, waliopiga magoti kila Jumapili mbele ya altare ya matofali mabichi, walilijua hilo vizuri kabisa. Walimfanyia makusudi, kisha wakaenda kuungama kwamba walikula nyama Ijumaa.

Palibaki meza moja tu kijijini ambako Epifania alikula pamoja na watu. Padre alipokuja kwa pikipiki yake kutoka upande wa Kasulu, mara chache kwa mwaka, Epifania alipanga mstari na sisi akapokea Komunyo. Hapo hakuna aliyeweza kumkimbia, maana mbele ya padre hakuna mwenye mbuzi. Nilimwona uso wake akirudi mahali pake. Sisi wengine tulirudi tumefumba macho kama watu waliomeza kwinini. Yeye alirudi ameyafumbua, anatutazama mmoja mmoja, amefurahi kama mtu wa harusini.

Siku moja moto wangu ulizimika, nikaenda kwake kuomba kaa. Mchana, jua kali. Nilipokaribia ua nilisikia anaongea, kisha anacheka, kisha ananyamaza kama anayesikiliza. Nikadhani hatimaye amepata mgeni. Nikaingia. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, chungu kidogo mbele yake, na katika chungu mlikuwa na mirija minne.

"Injira, Mama Tharsisi, ingia," akasema, kwa jina la mwanangu. "Kuna nafasi."

"Wageni wako wapi?"

"Wapo."

Nilitazama mkeka mtupu, na nakiri kwamba miguu yangu ilitaka kwenda kutafuta mbuzi. Lakini mimi nina ugonjwa wa kutaka kujua, na ugonjwa huo una nguvu kuliko woga. Nikakaa. Nikamuuliza mirija ile ni ya nani.

Alieleza bila haraka, akichanganya Kiswahili na Kirundi chake, na mimi Muha nilimwelewa vizuri. Alisema kunywa peke yake kulimshinda. Impeke ilikuwa na ladha ya maji ya kuoshea vyungu. Halafu Jumapili moja akamsikia Bazilio anasoma yale maneno ya kutakiana neema ya Kristo na upendo wa Mungu na ushirika wa Roho Mtakatifu. "Nikajiuliza, ushirika ni nini? Kwetu ushirika ni mirija ndani ya chungu kimoja. Basi kama hawa watatu wameniita kwao, mimi nina chungu, nitakaa nacho peke yangu kwa nini? Nikakata mirija mitatu nikaitia. Huu wa Data, huu wa Mwana, huu wa Mutima Mweranda." Data ni baba, na Mutima Mweranda ndivyo Warundi wanavyomwita Roho Mtakatifu. "Na huu mfupi ni wangu."

"Na wanakunywa?"

Akanicheka mpaka akafuta machozi. "Mama Tharsisi, Mungu atakunywa impeke? Ninayekunywa ni mimi. Wao wananitazama nikinywa."

"Umejuaje kwamba wanakutazama?"

"Mtu akikutazama vibaya unajua, hata ukiwa umempa mgongo. Akikutazama vizuri ndiyo ushindwe kujua?"

Nikaomba kunywa. Alionja kwanza mbele yangu, kwa heshima zote, akanikatia mrija. Ilikuwa impeke nzuri. Tulikaa mpaka jua likapungua, nikalisahau hata lile kaa nililolijia.

Baada ya hapo nilikwenda mara kwa mara, na nikazoea namna yake. Kwa Data alilalamika. Alimwambia paa linavuja na mtama umeliwa na ndege, kama binti anavyomwambia baba ambaye hana mpango wa kumfukuza. Kwa Mwana hakusema mengi. Alisema, "Yeye amepigwa na mimi nimepigwa. Tunakaa tu." Mutima alikuwa wa asubuhi, zile asubuhi ambazo miguu inakataa kushuka kitandani. "Ananisukuma," alisema, "ananiambia amka wewe, jua lako limetoka." Wakati mwingine alichanganya, akaanza kumwambia mmoja jambo akamalizia kwa mwingine, na haikumsumbua hata kidogo. Alisema wao wenyewe hawaoneani wivu. Mimi niliyesikia mahubiri ya mafiga miaka nenda miaka rudi sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu anaweza kuingia katika Utatu akavua viatu.

Bazilio alikuwa na tabia ya kuchungulia, aliyoiita ulinzi wa imani. Alichungulia juu ya uzio wa matete akaona chungu, mirija minne, mwanamke mmoja. Ungetegemea mtu anayejua Utatu kuliko wote aone mitatu na mmoja akafikiri kidogo. Wapi. Yeye aliwaza mizimu. Zamani wazee wetu waliwawekea pombe wafu wao, na waliomwabudu Kiranga, yule pepo mkuu wa zamani, walifanya hivyo katika vijumba vya nyasi nyuma ya nyumba, na Bazilio alikuwa amevichoma moto vijumba hivyo kwa mikono yake, akipiga picha kichwani ya taji atakalovishwa mbinguni. Akapiga hesabu: yule Mrundi alikuwa na mume na wana wawili, wote, kwa alivyosikia, wamechukuliwa na lori la askari wasirudi. Jumla watatu. Mirija mitatu. Akashuka kwenye kinu alichopandia ili achungulie, ameridhika kama mwindaji.

Nilimweleza. Nilikwenda kwake nikamweleza neno kwa neno alichoniambia Epifania. Akanisikiliza kwa ile sura yake ya msamaha.

"Rosa, wewe umenyweshwa," akasema.

"Nimenyweshwa nini?"

"Sijui. Hilo baraza la kigango litajua."

Pasaka ya mwaka wa sabini na sita, padre alipokuwa anajiandaa kutoa Komunyo, Bazilio alikwenda hadi kwenye mstari, akamshika Epifania kiwiko, akamtoa. Akamkalisha nyuma, karibu na mlango, mahali pa wakatekumeni wasiobatizwa bado, na mbwa. Epifania hakubishana. Alikaa pale akitutazama tukila, na uso wake nisingependa kuuona tena.

Shauri lake likapangwa kwa Jumamosi ya kuamkia sikukuu ya Utatu, padre atakaporudi. Bazilio aliichagua siku hiyo mwenyewe na aliiona inafaa sana.

Padre Venanti alifika mchana, vumbi mpaka kwenye kope, amechoka, na bado alikuwa na vigango viwili mbele yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kutaka mambo yaishe. Walikaa chini ya paa la kanisa upande wa kivuli: padre, Bazilio na Mzee Pasikali wa baraza, ambaye alikubaliana na kila mtu aliyesema mwisho. Sisi wengine tulisimama. Bazilio aliagiza chungu kile kiletwe kama ushahidi.

Epifania akakileta. Lakini hakuleta ushahidi, alileta chungu kilichojaa, maana huko kwao, kama huku kwetu, hakuna anayewaendea watu na chungu kitupu. Alikuwa amepika upya kwa ajili ya siku hiyo, mtama wake wa mwisho. Akakiweka mbele ya wanaume wale, mirija minne ndani, akapiga magoti, akaonja. Akakisogeza kwao.

Hakuna aliyegusa. Mzee Pasikali alianza kunyoosha mkono, akamwona Bazilio, mkono ukaenda kukuna goti.

Bazilio alisimama akasema kwa muda mrefu. Debe tupu haliachi kuvuma. Alitaja Amri ya Kwanza, Kiranga, giza la mababu, na vile yeye alivyolia kwa ajili ya kondoo huyu, jambo ambalo mimi jirani yake sikulisikia. Alipofika kwenye wafu watatu akanyoosha vidole vitatu, akavizungusha ili wote tuvione.

Padre akamgeukia Epifania. Alisema taratibu, na kwa hilo namshukuru. "Mama, mirija hii ni ya mumeo na wanao wawili?"

Epifania akamtazama kama hakusikia vizuri. "Nani amesema wanangu walikuwa wawili?"

Padre akamtazama Bazilio. Bazilio akatazama vidole vyake.

"Walikuwa wanne," akasema Epifania. "Wavulana wawili ndio waliochukuliwa na lori pamoja na baba yao. Wasichana walibaki njiani, mmoja mtoni, mdogo kwa homa. Na mama yangu. Na wifi yangu na wa kwake, hao sikuwaona tena." Alisema bila kulia, kama anayejibu swali ambalo kwa miaka minne alikuwa amelisubiri liulizwe. "Ingekuwa mirija ya wafu wangu, Padre, chungu hiki kisingetosha."

Tulikuwa tumeishi naye tangu Operesheni. Tulijua idadi ya kuku wake. Tulijua siku anazofua. Mwenyekiti alijua ekari alizolima na alizobakiza. Katika kijiji kizima chenye Wakristo wanaosali kwa sauti mpaka Murungu wasikie, hakuna aliyewahi kumuuliza amezika wangapi. Bazilio alikuwa amepiga hesabu juu ya uzio.

"Basi ni ya nani?" akauliza padre.

Akamweleza kama alivyonieleza mimi, kwa maneno machache zaidi, akiutaja kila mrija. Padre alifunika uso kwa kiganja. Nilidhani anacheka, kisha nikaona si kicheko. Nami nikaomba moyoni, na mimi si mwombaji, kwamba mtu huyu anyooshe mkono anywe. Mrija wa Bazilio ulikuwa pale ndani ya koti, angeweza hata kuazima. Mambo yote yangeishia hapo.

Lakini aliinua kichwa akatuona tulivyojaa, akaiona sura ya Bazilio, akawaza vigango viwili vilivyobaki, akachagua njia ya katikati, ambayo kila mara humpitia mnyonge kifuani.

"Mama, ninakuamini," akasema. "Hujafanya dhambi. Ila watu wamekwazika. Itoe hii mirija mitatu hapa mbele yao, uitupe, na kesho utakula Komunyo pamoja nasi. Wala sitakuuliza zaidi."

"Amesema vyema," akasema Mzee Pasikali.

Epifania alikitazama chungu. Nilijua anachokitaka, na kila aliyekuwa pale alijua, maana tulimwona Pasaka pale mlangoni. Kutoa mirija mitatu ya matete, kazi ya kufumba na kufumbua, na kesho yake angekaa tena kwenye meza ya watu. Mkono wake ulikwenda. Ulishika ule mrefu, wa Data, ukakaa juu yake. Kisha ukauacha ukashika ule mfupi. Akauchomoa, akaufuta kwa ncha ya kitenge, akaufunga humo.

"Wao siwezi kuwaambia watoke, Padre," akasema. "Si mimi niliyewaleta, ni wao walionileta. Wangu ndio ninaoweza kuutoa."

Akainuka, akatuaga kwa adabu, akaenda zake. Alituachia chungu.

Palikuwa na mirija mitatu ndani ya pombe iliyoonjwa tayari, na wanaume watatu mbele yake, na hakuna aliyethubutu. Waliogopa nini? Sumu haikuwamo, mwenyewe ameonja. Mizimu haikuwamo, padre ameshasema. Kilichobaki cha kuogopa ni hao watatu wenyewe, na hao ndio waliokuwa wanahubiriwa pale miaka yote. Bazilio alisema kimwagwe. Nikamwambia akimwaga tone moja nitamkumbusha mbele ya padre mambo ya makamasi. Nikakibeba kichwani nikaenda nacho nyumbani, mirija yake ikiwa imesimama.

Jumapili tukaimba sana. Bazilio aliongoza, sauti yake ikiwa juu kuliko zote. Watu wakapanga mstari. Nami nikapanga, nimejaa hasira mpaka masikioni, nikamwangalia mdogo wangu akinyoosha ulimi, nikawaza ulimi ule na kazi zake. Nikapokea, nikarudi mahali pangu, nikaendelea kumwaza Bazilio. Ibada ilipokwisha sikungoja salamu. Nilikichukua chungu chake nikaenda kwake.

Sikusikia kicheko. Alikuwa ameketi mlangoni, macho yamevimba.

"Nimelia tangu alfajiri," akasema kabla sijauliza. "Usije ukaenda kuwaambia kwamba sikulia. Meza ile naipenda sana."

Nikamwambia kwamba Bazilio ni mpumbavu, padre ni mwoga, na Mzee Pasikali ni mbuzi anayehitaji kufungwa. Niliendelea kwa muda, maana mada ilikuwa pana. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Nimemwambia Data nimekasirika naye," akasema. "Amekubali. Bado yupo." Akapangusa pua. "Wewe umekula?"

"Nimekula."

Akasogea kwenye mkeka, akapapasa mahali kando yake. "Basi njoo hapa karibu. Nikae na aliyekula."

Nikakaa. Akaniegemea begani, akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, akafumba macho, na uso wake ukawa ule ule niliokuwa nikiuona akitoka altareni. Nilikuwa nimeimeza Komunyo ile kwa hasira, nikimwaza mdogo wangu tangu altareni hadi nje, bila kumkumbuka hata mara moja aliyenialika. Nadhani kati yetu wawili, aliyepokea siku ile ni yeye.